Koti Ambalo Baba Hakulivua

Wiki iliyopita tuligawa nguo za baba. Tata Nyokabi, dada yake, alikuwa amezipanga kitandani pale nyumbani Mutuini, suruali kwa suruali, shati kwa shati, na orodha ya nani atapewa nini, maana Tata hata kilio hukipangia ratiba. Alipofika kwenye koti la kahawia alininyooshea. Nikalinusa. Mungu wangu! Mafuta ya injini, sabuni ya kipande, na chini kabisa, kwa mbali, kahawa kali ya Sinyora iliyochemshiwa kwenye kibirika chake kidogo cha chuma. Nikakaa papo hapo juu ya zile suruali zilizopangwa. Mkono wangu ukapita kwenye bitana ukakuta kitu kigumu, kidogo, kimeshonewa ndani.

"Ngoja nilete wembe," Tata akasema.

Nikamwomba angoje kwanza. Harufu ile ilikuwa imeshanibeba, na sikutaka kurudi haraka. Kuna safari moja ya utotoni ambayo nikiwasimulia watu wa rika langu wanacheka, wanasema natunga. Haya, wacheke.

Baba alikuwa dereva huko Karen. Mwajiri wake alikuwa mama wa Kiitaliano, mjane, mfupi, mwenye miguu inayovimba na sauti ya kuamrisha jeshi. Sote tulimwita Sinyora. Alikuwa amekaa Kenya miaka arobaini na bado Kiswahili chake alikisema jinsi alivyokiokota jikoni siku ya kwanza. Yeye na marehemu mume wake hawakujaliwa watoto. Nyumba ilikuwa kubwa, miti mingi, na ndani yake Sinyora peke yake na redio.

Mama yangu alifariki kabla sijajua kumkumbuka. Nililelewa na baba, na Tata akiishi geti ya pili kutoka kwetu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hivyo mimi ni Wambui, na baba hakuniita Wambui hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. "Maitu, umekula?" "Maitu, shuka kwa huo mti." Nami cheo hicho nilikichukua kwa uzito wote. Akiingia na viatu vya matope nilimgombeza, naye mtu mzima na ndevu zake alirudi mlangoni kuvifuta. Nilijua kabisa kwamba mimi ni mtoto. Lakini nilijua pia kwamba mimi ni mama yake, na sikuona vitu hivyo viwili vinagombana wapi.

Nilipokuwa darasa la nne, Sinyora alisema anataka kwenda kwao azunguke kwa gari mji kwa mji, njia ile ile aliyopita na mume wake walipooana. Alikuwa na wapwa huko, vijana wenye magari, lakini hakuwataka. "Wale naendesha kama naiba gari," alisema. "Mimi nataka Karanja." Baba alijulikana Karen nzima kwa mwendo wake. Alikuwa hapiti sitini hata akibebwa na mteremko. Alimjibu kwamba hawezi kuniacha mwezi mzima. Sinyora akashangaa. "Nani nasema acha? Kuja na yeye."

Nakumbuka foleni ya pasipoti mjini, vidole vyangu vikipakwa wino, kisha chipsi kwenye hoteli moja Moi Avenue. Nilikula mpaka nikaishiwa na ketchup. Baba hakugusa zake. Alikuwa anaangalia barabarani, na nilipomuuliza kama hasikii njaa alisema, "Kula tu, Maitu." Siku hiyo sikufikiria sana.

Aliyenifanya nifikirie ni Shiru, tuliyekuwa tunakalia dawati moja. Nilipomringia kwamba naenda ng'ambo alinitazama kwa huruma. "Pole," akasema. "Mtoto hana mama hupelekwa huko kwa masista. Cousin yangu alipelekwa. Alirudi akiwa mkubwa, na hata hacheki." Nikamwambia baba yangu si mtu wa aina hiyo. Lakini jioni nikauliza, nikijifanya sina haja na jibu: "Baba, hiyo safari inaishia wapi?"

"Kwa masista," baba akasema. "Wana nyumba yao huko milimani."

"Kufanya nini?"

"Utaona tukifika."

Basi. Nilikwenda Italia nikijua napelekwa kuachwa.

Gari tulilopewa lilikuwa dogo, la kijani, la kakake Sinyora ambaye hakuwa anaendesha tena. Sinyora alikaa nyuma kama alivyozoea Nairobi, kofia kichwani, pochi magotini. Mimi nilikaa mbele na ramani ambayo sikujua kuisoma. Huko watu huendesha upande mwingine wa barabara, na baba, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliona ameogopa. Akanipa kazi: kila tukianza safari nimkumbushe. "Mkono wa kulia, baba," nasema. "Asante, Maitu," anasema. Kabla ya hapo lazima azunguke gari apige kila tairi teke moja, kwa sababu, kwa maneno yake, tairi ikitaka kukudanganya heri ikudanganye ukiwa nyumbani. Wazee wa huko waliokaa nje ya mikahawa walimtazama Mwafrika aliyevaa koti akipiga tairi mateke, na mmoja akasimama naye akapiga lake.

Maana koti alilivaa. Ilikuwa Agosti, jua la kuchemsha mayai, Waitaliano wenyewe wametoa vifua nje, na baba yuko ndani ya koti la kahawia limefungwa vifungo. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. "Baba, vua koti," nilimwamuru, kama mama. Akasema dereva ni koti. Nilidhani ni maringo, nikamwacha.

Tulienda polepole jamani, polepole ya aibu. Nyuma yetu magari yalijipanga, honi zikilia, watu wakitoa mikono madirishani na kutuonyesha vidole vilivyokusanywa pamoja. Baba aliwapungia, akidhani wanatusalimia. Sinyora alicheka mpaka akashika mbavu. Kukiwa na alizeti alitaka kusimama. Kukiwa na kanisa dogo lililofungwa alitaka kusimama asome kibao. Mji ambao tungefika saa nne asubuhi, tulifika saa tisa.

Orvieto ni mji uliokaa juu ya jiwe moja, na kanisa lake kuu lina mistari myeupe na myeusi kama soksi za shule. Kuna kisima huko kirefu, chenye ngazi mbili zinazozunguka, ili punda anayeshuka kuchota maji asikutane na anayepanda. Mimi na baba tulishuka mpaka chini kabisa, kwenye baridi, na tulipoangalia juu mbingu ilikuwa ndogo kama sahani. Baba akasema, "Aliyechimba hii alikuwa na akili." Nami nilikuwa nikifikiria kwamba mtu anaweza kupanda kwa ngazi moja huku mtoto wake anashuka kwa nyingine, wasikutane tena kamwe. Nikamshika koti.

Siena kuna uwanja ulioinama katikati, na watu hujilaza pale chini tu, watu wazima, na viatu vyao. Sinyora naye akasema analala. Baba alimshusha taratibu, akatandika gazeti, akasimama kando akimzibia jua. Baadaye tukaingia kanisa moja la matofali, na ndani ya kisanduku cha kioo nikaona kichwa. Kichwa cha mtu! Cha sista, mtakatifu, kimekauka, kimevalishwa kitambaa cheupe. Kanisa letu Mutuini halina hata picha ya malaika, lina kengele na kalenda tu. Sinyora alipiga magoti akaomba. Mimi nilikuwa nahesabu: hawa ndio masista. Hawa ndio ninaopelekwa kwao. Usiku huo, haki ya Mungu, nililala nimeshika shingo yangu kwa mikono miwili.

Halafu ishara zikaanza kuja moja baada ya nyingine. San Gimignano ni mji wa minara. Matajiri wa zamani walishindana nani atajenga juu kuliko jirani. Baba aliiangalia akasema, "Hawa ni kama landlords wa Satellite kule kwetu. Huyu ameweka ghorofa nne, yule naye hawezi kulala." Sinyora alicheka, kisha akaniingiza dukani akaninunulia sweta la sufu, zito, la bluu. Sweta, kwa joto lile! Na viatu vya kufunga kamba. "Baridi nakuja," alisema. Baridi ipi, kama si ya milimani kwa masista? Siku iliyofuata pochi yake ikafunguka nikaona picha: chumba cheupe, kitanda chembamba cha mtu mmoja, msalaba ukutani. Na jioni, tukiwa tumefika Lucca, nilimsikia baba akiongea na Tata kwa simu pale ngazini. "Tunafika kesho," alisema. Akasikiliza. "Sijui hata nitamwambiaje mtoto. Nimeendesha polepole mpaka nimechoka, lakini barabara ni ya kuisha."

Nilisimama nyuma ya mlango na sikulia. Nilikasirika. Nitakuambia ukweli, sijawahi kukasirika vile tena, hata kwa mwanamume. Mtu anawezaje kumwacha mama yake kwa watu wanaoweka vichwa kwenye vioo?

Asubuhi, baba akiwa anaoga, nilichukua ufunguo wa gari juu ya meza. Ulikuwa na utepe mwekundu. Lucca imezungukwa na ukuta mpana sana, juu yake kuna barabara ya kutembea na miti mikubwa, watu wanaendesha baiskeli huko kama wako chini. Nilikimbia nikapanda, nikatafuta mti wenye shimo kwenye shina, nikautumbukiza ufunguo humo, nikarudi nikakaa mezani nikanywa maziwa.

Baba alitafuta. Akageuza godoro. Akapekua mifuko yote ya suruali, akaitoa nje ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Sinyora alichungulia chini ya viti kwa fimbo yake, akiguna. Mwisho baba akainama mbele yangu. "Maitu, hujaona ufunguo?"

"La."

Akaniangalia kwa muda. Nikamwangalia. Kisha akasimama, akamgeukia Sinyora, na wakatazamana wao wawili kwa namna ambayo sikuielewa.

"Fundi wa funguo?" Sinyora akauliza.

"Mwezi huu watu wote wako likizo, Sinyora. Tutangoja tu."

"Basi," Sinyora akasema, na akavua kofia. "Mimi nataka aiskrimu."

Tulikaa siku mbili. Nilitarajia wakasirike, wapige simu, wafokee wenye nyumba tuliyolala. Wapi! Sijawahi kuona watu waliopoteza ufunguo wakifurahi hivyo. Tulinunua mkate wa zabibu wenye harufu ya kungumanga na tukaula wote juu ya ukuta. Sinyora alikodi kigari cha kukanyaga cha watu wanne, akakaa nyuma akiamrisha, mimi na baba tukikanyaga, baba ndani ya koti lake, jasho likimdondoka. Tukapita kando ya ule mti mara tatu. Kila tulipoupita nilianza kuimba kwa sauti.

Siku ya pili, alasiri, baba alikwenda kutafuta maji, nikabaki na Sinyora kwenye benchi. Aliutoa mguu kwenye kiatu, akanyoosha vidole, akasema, "Wewe naogopa mimi?"

"Hapana."

"Naogopa nini?"

Nikatazama viatu vyangu vipya. Nikasema yote mara moja, bila pumzi: Shiru, masista, kichwa, sweta, kitanda chembamba, na kwamba baba yangu hawezi kuniacha kwa sababu mimi ni mama yake. Ndipo kilio kikanitoka.

Sinyora hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akafungua pochi, akanipa ile picha. "Hii kitanda," alisema, "ni yangu."

Nikaitazama picha tena.

"Nyumba ya Karen nimeuza. Mguu yangu hapana taka tena, macho hapana taka. Masista natunza wazee. Mimi ndiyo nabaki. Wewe narudi na baba yako." Akapangusa uso wangu kwa kitambaa chake kilichonukia kahawa. "Sweta ni ya Mutuini. Mimi najua baridi ya Mutuini. Miaka mingi Karanja nakuja kazi asubuhi, mkono yake kama barafu."

"Sasa baba atamwendesha nani?" nikauliza.

Hapo ndipo sauti yake ya jeshi ilipomwacha. "Hiyo," akasema, "ndiyo yeye hapana jua kuambia wewe."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia nilipodhani ni mimi. Sijui kama watoto wengine wako hivyo. Siku mbili nilikuwa nalinda ngozi yangu, na pembeni yangu kulikuwa na bibi mzee anayekwenda kulala kwenye kitanda kile bila mtu wa kumwita jina analolijua. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema, "Kidogo. Jana hapana. Jana nilikuwa na aiskrimu."

Jioni hiyo nilikwenda kwenye mti. Asubuhi baba alipoingiza mguu kwenye kiatu akatoa ufunguo wa utepe mwekundu. "Ahaa," akasema. "Kumbe umelala kwenye kiatu." Hakuniuliza kitu, wala sikusema. Alipiga matairi mateke, la nne akalipiga mara mbili. Nikasema, "Mkono wa kulia, baba."

Kwa masista kulikuwa na bustani ya nyanya na paka watatu, na hapakuwa na kichwa chochote. Sista mmoja mnene alinipa peremende. Baba alibeba sanduku mpaka chumbani, akajaribu dirisha kama linafunga vizuri, akabonyeza godoro, akauliza maji ya moto yanatoka saa ngapi. Kisha hakukuwa na kitu kingine cha kukagua. Miaka yote alikuwa amemshika Sinyora mkono kumtoa garini tu, si zaidi. Siku hiyo Sinyora alimshika uso kwa mikono yake miwili, na baba akasema kwa Kiswahili cha upole ambacho nilidhani ni changu peke yangu, "Haya basi, mama. Kaa salama."

Nikaona wivu, niseme ukweli. Mama yake ni mimi! Lakini nikamwachia, siku hiyo moja.

Tulirudi. Baba alipata kazi ya kuendesha van ya shule huko Satellite, na watoto wake walichelewa kila asubuhi mpaka walimu wakazoea. Sinyora alituandikia kila Krismasi, kisha mwaka mmoja akaandika sista mnene. Baba alisoma ile barua akiwa amesimama, akavaa koti, akaenda kupiga matairi ya van mateke ingawa ilikuwa Jumapili. Na mimi, miaka yote hii, nimetembea na siri yangu ya ufunguo. Nilikusudia kumwambia baba. Hospitalini nilikusudia. Nikasema kesho, na kesho haikuja.

Basi Tata akaleta wembe. Akakata bitana taratibu, na mkononi mwake ukaanguka ufunguo mdogo wa gari, wenye utepe wa kijani kibichi, utepe wa aina ile ile ya ufunguo wa Lucca.

Niliinuka ghafla juu ya zile suruali.

"Ai, mbona umeshtuka?" Tata akasema. "Si hiyo ndiyo tabia yake. Kuna siku alifungia ufunguo ndani ya gari pale Kenyatta Avenue, mvua ya masika, Sinyora ametoka saluni amesimama nje ananyeshewa. Tangu siku hiyo alimwambia: Karanja, kila gari, ufunguo ya pili nakaa kwa koti, na nashona mimi mwenyewe. Na alikuwa anashona. Angalia huo uzi. Ndugu yangu angeweza kushona hivyo?"

Niliangalia. Mishono midogo, iliyonyooka, ya mtu aliyefunzwa na mama yake. Uzi wa bluu.

Niliwaona tena, fimbo ikichungulia chini ya viti, mifuko ya suruali ikining'inia, kila mfuko umepekuliwa isipokuwa wa koti. Sinyora aliyeushona ufunguo, na baba aliyelivaa koti. Nilidhani niliwaibia siku mbili. Kumbe walikuwa nazo kwenye bitana, wakanywa jua, wakala aiskrimu, wakaningoja mimi niache kuogopa.

"Sasa koti tuandike la nani?" Tata akauliza, kalamu juu ya orodha.

Nililivaa. Nje kulikuwa na jua kali, watu wamekaa uani wanajipepea na magazeti, na Tata akaniambia mara mbili nilivue. Sikulivua.